Taa ya Kibuyu

Mwalimu alipoingia kwenye nyumba ya mtu, alisalimia kuta kwanza. Mwenye nyumba husimama mlangoni na shikamoo yake mdomoni, yeye humpita, kidevu juu, akakagua dari, pembe, mapazia na vitambaa vya makochi, kisha hutamka, "Hapa pana uwezekano." Ndipo huuliza habari za watoto. Nimemsikia akitamka hivyo kwenye nyumba ya udongo isiyo na dirisha hata moja, kwenye nyumba ya matofali ambayo mwenyewe alihama kabla ya kuipaua, kwenye banda la mbuzi, na mara moja kwenye nyumba ya msiba kule Igurwa, jeneza likiwa bado sebuleni.

Sitaandika alizaliwa wapi wala wazazi wake ni akina nani. Sijui, na sikuwahi kuuliza. Nimemjua mwanamke huyu kwa zaidi ya miaka kumi na tano kama mteja wa karakana yangu ya useremala pale Kayanga, na katika miaka yote hiyo kila mtu alimwita Mwalimu, ingawa sijakutana na mtu aliyefundishwa naye darasani. Alichofundisha ni maisha bora: kupamba nyumba, kutengeneza vitu kwa mikono, kula vizuri na kuutunza mwili. Alikuwa na kikundi cha akina mama kule Kanoni, na kikundi kilikuwa na sare.

Nitangulie kusema kwamba simwandiki kwa mapenzi. Mama yangu alikuwa na kibuyu cha maziwa alichopewa na bibi yake siku alipoolewa. Kwetu sisi watu wa ng'ombe, bibi humpa mjukuu wa kike kibuyu cha namna hiyo, na bibi harusi huingia nacho kwa mumewe kikiwa na maziwa ndani. Cha mama kilikuwa cha binti yangu mkubwa tangu siku alipozaliwa. Mwalimu alikigeuza taa. Binti yangu anaolewa mavuno ya kahawa yakiisha, na nilipoanza kuandika kurasa hizi alikuwa hana cha kubeba. Nitafika huko. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, kwa utaratibu, asije akasema nimemwonea.

Nyumba yake ilikuwa Kanoni, katikati ya migomba, na ilikuwa mfano wa mafundisho yake. Msemo wake mkuu ulikuwa, "Kila kilichotupwa kina maisha ya pili." Aliuandika juu ya mlango kwa vizibo vya soda. Ndani mlikuwa na viti vya matairi vilivyofumwa kwa kamba, vizuri kwa macho, lakini mtu akishakaa hakuweza kuinuka. Nilimwona katekista mmoja, mtu mnene na mpole, akizama humo wakati wa chai, na ilibidi akina mama wawili wamvute, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, huku Mwalimu akisema, "Kiti kizuri hakitaki uondoke."

Ukuta wa upande wa jua aliujenga kwa chupa tupu zilizolazwa kwenye saruji. Asubuhi mwanga uliingia wa kijani na kahawia, nakiri ulipendeza. Lakini aliacha midomo ya chupa ikitazama nje, na ndani ya mwezi mmoja nyigu walishajaa. Nilimwambia midomo ilipaswa kutazama ndani na kuzibwa. Akaniambia, "Fundi, wewe unaona matatizo, mimi naona nyumba inayoishi." Ni kweli ilikuwa inaishi. Wageni waliumwa.

Saa yake ya ukutani aliitengeneza kwa ungo, na mahali pa tarakimu alibandika buni. Wadudu waliila saa sita, kisha saa tisa. Hakuzirudishia. Alisema mtu mwenye maisha bora hahitaji kujua saa kamili, na kwa kweli hakuwahi kufika mahali popote kwa wakati.

Mimi nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo. Yale ninayoyajua juu ya mbao, umeme wa jua na vipimo nimeyapata kwenye vitabu vya mitumba, nikivisoma mstari kwa mstari na kujaribu kila jambo mara tatu kabla ya kumfanyia mteja. Kwa hiyo nilimdharau mtu aliyesikia neno asubuhi na jioni akalifundisha. Alikuwa hajaribu kitu hata mara moja. Wanafunzi wake ndio waliokuwa jaribio.

Muuza duka la vifaa vya ujenzi, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka Pangani, alimfahamu vizuri kuliko mimi, maana alimuuzia vanishi. Mwalimu alipaka vanishi kila kitu: vikapu, mawe, mbegu, maganda ya mayai, mkungu mmoja wa ndizi uliokauka. "Huyu mama akiingia dukani," mzee aliniambia, "mimi huwa sikai. Naogopa nikitulia mahali pamoja atanipaka." Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake. Akacheka kuliko sisi sote, akasema, "Wewe, mzee wangu, huhitaji. Unang'aa kwa mafuta ya samli. Punguza wali." Akachukua makopo yake mawili, akaondoka. Huo ndio ulikuwa ubaya wake mwingine: huwezi kumtukana akatukanika.

Juu ya chakula alikuwa mkali. Chumvi adui, mafuta adui, sukari mkuu wa maadui. Ndizi zichemshwe bila kitu. Asubuhi kabla ya lolote mtu anywe juisi ya majani ya maboga na mchicha, iliyopondwa mbichi kwenye kinu. Mke wangu aliniletea kikombe siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kumwagia migomba, na sikuona migomba ikifurahi. Lakini msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ulipofika, Mwalimu hakutambulika. Nilimkuta Kayanga kituoni amekaa juu ya gunia, kanga imefunguliwa mapajani, anatafuna senene waliokaangwa kwa mafuta yao na chumvi, kiganja baada ya kiganja, midomo ikimeremeta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu. Hii ni protini."

"Na chumvi?"

"Chumvi ipi?" akasema, akijilamba kidole. "Hii walikuja nayo."

Halafu kulikuwa na matembezi ya afya. Aliwafundisha akina mama wa kikundi kwamba mwili unahitaji kutembea kila asubuhi, mikono mitupu, ukiirusha mbele na nyuma. Wanawake ambao tayari walikuwa wamepanda kilima na maji kichwani, wameshalima, wameshakata majani ya ng'ombe, walijipanga kwa sare zao barabarani wakarusha mikono. Siku moja walifika hadi Nyabiyonza, kwenye nyika ya malisho ambako mama yangu anaishi. Mama alisimama kwenye lango la zizi akawatazama wakipita, kisha akawaita kwa sauti ya huruma ya kweli, "Ng'ombe wenu amepotelea upande gani?"

Walipomwambia hawatafuti ng'ombe, aliwaletea maziwa. Alidhani wana matatizo makubwa zaidi.

Kuna jambo moja la haki ambalo nitaliandika hapa kwa sababu sitapata nafasi nyingine. Mwalimu ndiye aliyemshawishi mke wangu tuachane na mafiga matatu tujenge jiko la udongo lenye bomba la moshi. Kikohozi cha mke wangu kilikwisha, na hakijarudi. Jiko nililijenga mimi, kwa vipimo vyangu, lake lingeanguka. Lakini mimi nilikuwa nimesoma juu ya majiko hayo miaka minne kabla, kwenye kitabu nilichokuwa nacho rafuni, na sikuwa nimeinua tofali.

Sasa kibuyu.

Ni mimi niliyempeleka Mwalimu kwa mama. Aliniomba lifti ya pikipiki, alitaka kuona nyumba za wafugaji. Mama alikuwa ametandika majani mabichi sakafuni kama kawaida yake, na vibuyu vyake vilikuwa vimepangwa kwenye kichanja cha ndani, kila kimoja na kifuniko chake cha ukindu. Mwalimu alisalimia kuta. Kisha akapiga magoti mbele ya kichanja na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema pana uwezekano. Akasema, "Mama, hapa mimi sina la kufundisha."

Mama alimpenda kuanzia hapo. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda aliuliza, "Mwalimu wako hajambo?" Wako. Nilikataa mara nyingi kwamba si wangu.

Baadaye kidogo kikundi kiliandaa maonyesho ya kazi za mikono. Mwalimu alirudi kwa mama akaomba kuazima kibuyu kile cha ukoo ili watu waone jinsi kibuyu kinavyotunzwa kikadumu vizazi vitatu. Mama akakitoa kwa fahari. Alinipigia simu kunieleza. Nilikuwa naranda ubao wa mninga, simu nimeibana begani, mashine inaunguruma, na nakumbuka vizuri nilichojibu. Nilijibu, "Sawa, mawe," ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha ya nyumbani, nikaendelea kuranda.

Wiki hiyohiyo Mwalimu aliniletea gunia la vibuyu. Watu wengi walishahamia kwenye madumu ya plastiki na ndoo za chuma, wakaviuza vibuyu vyao kwa kikundi. Vyote vilikuwa vimeshapakwa vanishi, havina vifuniko wala kamba, vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Alitaka vitobolewe ili viwe vivuli vya taa. Mchoro ulikuwa wake: maua makubwa yasiyo na ulinganifu. Niliukataa, nikachora wangu kwa bikari na rula. Nilitoboa kwa drili, biti ya milimita nne kwa tundu dogo na sita kwa kubwa, kwa siku mbili.

Kimoja kilikuwa bora kuliko vingine. Shingo ilinyooka, tumbo limekaa sawa pande zote, na pembeni ya shingo palikuwa na ufa wa zamani ulioshonwa kwa ukindu. Niliuona mshono huo. Nilihesabu: ilikuwa mishono saba, ya nafasi sawa, kazi ya mtu asiye na haraka. Niliupenda kiasi kwamba nilibadilisha mchoro wangu ili mistari ya matundu iufuate. Niliukagua kwa lenzi. Sikujiuliza ni mkono wa nani.

Mama alikuwa ameshona ufa huo mbele yangu nikiwa na umri wa miaka tisa au kumi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekiangusha.

Alasiri moja baada ya maonyesho, Mwalimu alinikodi nikafunge waya wa sola Nyabiyonza. Alisema ni zawadi ya kushtukiza kwa mama. Alikuja na akina mama wawili wa kikundi, betri, balbu, na kitu kilichofunikwa kwa kanga. Nilidhani amemchagulia mama taa mojawapo, nikaona ni upuuzi wake wa kawaida. Nilifunga waya. Akaziba madirisha mawili kwa kanga ili giza liingie.

"Mama, fumba macho," akasema.

"Nikifumba nitalala."

"Kidogo tu, mama yangu."

Mama hakufumba. Mwalimu akaondoa kanga, nikabonyeza swichi, na ukuta mzima wa udongo ukajaa nukta za mwanga, zikapanda hadi kwenye mapaa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama alitazama ukuta, kisha akainuka polepole, akaenda kwenye taa, akaweka kidole kwenye mshono wa shingo ya taa. Nilimwona akikisogeza kidole. Moja, mbili, tatu. Kabla hajafika saba nilikuwa nimeshajua.

"Hiki ni changu," akasema.

"Ni chako, mama! Si nilisema nitakirudisha?"

"Ulisema watu watakitazama."

"Wamekitazama mno. Mgeni mmoja alitaka kununua, nikamwambia ng'o, hiki kina mwenyewe. Nikasema mama hawezi kukaa gizani wakati ana kitu kizuri hivi kimelala tu kwenye kichanja."

"Nani alitoboa?"

"Mwanao! Fundi ana mkono, mama, we acha tu. Tazama matundu yalivyofuata mshono."

Mama akanigeukia. Hakuwa amekunja uso.

"Yamefuata," akasema.

Kisha akasema wageni wasiondoke bila kunywa. Kwa mama, mtoto wa nyumbani hunywa maziwa kwenye kibuyu kidogo cha mkono. Nilichonywea mimi kilikuwa changu tangu utotoni. Vikombe vya plastiki ni vya wapita njia na watu wa kazi. Alimpa Mwalimu kikombe, akawapa akina mama vikombe, akaingia ndani, akatoka na cha kijani kilichovunjika mpini, akaniwekea mbele.

"Karibu, fundi," akasema.

Maisha yangu yote mama alikuwa ameniita tata, yaani baba, kwa kuwa nimepewa jina la baba yake.

Miaka sita. Nilikwenda kila mwezi na sukari, chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe. Nilibadilisha bati lililovuja, nikamtengenezea mlango wa mninga, nikamchimbia shimo la taka. Kila mara kikombe cha kijani, kila mara karibu fundi. Taa ilining'inia pale pale, na hakuna aliyeiwasha tena. Nilimchukia Mwalimu kwa ukamilifu, kama ninavyofanya kila jambo. Nilikataa kazi zake. Nikimwona Kayanga nilivuka barabara.

Posa ya binti yangu ilipoletwa, nilianza kushughulikia suala la kibuyu. Nilinunua vibuyu vinne vikuukuu, nikavitoboa kama kile, nikajaribu kuziba. Cha kwanza kwa nta, cha pili kwa nta na unga wa mbao, cha tatu kwa gundi ya mbao, cha nne kwa vijiti vya ukindu vilivyogongomewa. Nilivijaza maji, kisha maziwa, nikaandika matokeo kwenye daftari. Cha nta kilivuja ndani ya saa moja. Cha gundi hakikuvuja, lakini maziwa yalinuka karakana. Binti yangu alikuja akavikuta vimepangwa juu ya benchi, vinadondosha.

"Baba, bibi amesema nini?"

"Sijamuuliza bado. Nataka nimpelekee jibu."

"Baba," akasema, "bibi hajakuuliza swali la kuziba."

Nilimwambia asubiri. Jaribio la nne liliposhindikana niliamua twende na kibuyu cha kununua, kuna mwanamke Kyerwa anavilima. Nikapanda pikipiki kwenda kumwarifu mama. Ilikuwa Jumanne, siku ambayo huwa siendi.

Nilisikia kikohozi kabla sijafika mlangoni. Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni juu ya majani, miguu imenyooshwa, kanga kuukuu kiunoni, mikono myeusi hadi viwikoni. Amezeeka, nywele zote nyeupe na macho yalikuwa yanamtoka machozi. Mbele yake palikuwa na chungu kidogo chenye mdomo mwembamba, makaa ndani, na juu ya mdomo huo ameinamishia kibuyu kipya, cha rangi ya asali. Alikuwa anakifukiza ili maziwa yakae ndani bila kuharibika. Mama alikuwa juu yake na fimbo ya kuchungia.

"Unazima!" mama alikuwa akisema. "Umepuliza kama unapoza uji!"

"Mama, mapafu yangu ni ya zamani."

"Yangu mapya?"

Mwalimu akaniona. "Fundi! Karibu. Unajua nadhani huu moshi una faida kwa kifua? Nitawafundisha kikundi. Tutauita tiba ya moshi." Akakohoa mpaka akashika sakafu.

Sitasema uongo, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba hajabadilika hata kidogo.

"Hicho kibuyu kimetoka wapi?" nikauliza.

Akanieleza kati ya vikohozi. Miaka miwili iliyopita alikuwa amekuja hapa peke yake kwa miguu. Mmoja wa wale akina mama wa kikundi, naye mtu wa ng'ombe, alikuwa hatimaye amemwambia kwamba kibuyu kile kilikuwa kimewekewa mjukuu aolewe nacho. "Nikapiga magoti hapo mlangoni," akasema, "nikamwambia, mama, nimekosa, sikujua, nifundishe. Akaniambia nenda kachote maji. Nikachota. Kesho yake akaniambia fagia zizi. Nikafagia. Mwezi wa pili akanipa mbegu." Mama alikuwa amehifadhi ndani ya majivu mbegu za ukoo uleule wa kibuyu. Mwalimu alikuwa ameng'oa maua yote kwenye matairi ya rangi aliyoyafanya vyungu vya bustani kule Kanoni, akazipanda humo. Msimu wa kwanza ng'ombe wa jirani walikula. Msimu wa pili kimoja kilinyooka shingo. Sasa kilikuwa wiki ya tatu kwenye moshi.

"Ni cha mjukuu," mama akasema, akinitazama mimi.

"Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?"

Alikwenda ndani akarudi na maziwa. Mwalimu akapewa kwenye kibuyu kidogo cha mkono, akakipokea kwa mikono miwili myeusi, akanywa kama mtu aliyezoea. Mimi nikawekewa kikombe cha kijani.

Nilikaa nacho. Nilikuwa na maelezo yangu, nimeyapanga miaka sita: simu na kelele za mashine, vanishi iliyobadilisha rangi, vifuniko vilivyoondolewa, mtu aliyeazima kwa neno moja na kurudisha kwa lingine. Yote ni kweli, na kwa mpangilio mzuri. Mwalimu alifuta mdomo kwa mkono, akajipaka masizi, akanitazama kwa yale macho yake yanayotoka machozi.

"Fundi, kunywa," akasema. "Kina protini."

Nilikiweka kikombe chini.

"Mawe," nikasema, "niliuona mshono. Niliuona nikatoboa."

Mama alisogeza chungu kwa ncha ya fimbo, kikatoka mbele ya Mwalimu kikaja mbele yangu. Kwetu mwanamume hafukizi kibuyu. Nilikaa chini juu ya majani, nikainama, nikapuliza kwenye makaa. Majivu yakaruka yakaniingia machoni.

"Si hivyo, si hivyo," Mwalimu akasema mara moja, akinishika bega. "Unapuliza kwa hasira. Polepole, na usitoe pumzi yote. Mbona ni rahisi!"

Nikageuka nimjibu. Nilikuwa na jibu.

"Msikilize mwalimu wako, tata," mama akasema.

Nikapuliza polepole.